Mgongo wa Mwongoza Kwaya

Nakumbuka siku Mwalimu Mapunda aliponiita mbele ya darasa akaninyooshea fimbo, nami nikamnyooshea kiganja anichape. Darasa zima likacheka. Kumbe, mwanangu, hakuwa na haja ya kunichapa. Kijiti kile cha mwanzi alikuwa ananikabidhi niongoze kwaya. Nikabaki nimeduwaa na kiganja changu hewani, maana tangu nianze shule nilikuwa sijawahi kuona fimbo inatoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi. Kuchanganyikiwa kwangu kulianzia hapo, na nisikudanganye, hakujaisha vizuri hadi leo.

Miaka hiyo ya sabini tulikuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Heru Juu, nyumba zimepangwa mstari kama mihogo shambani. Shule ilikuwa na madawati machache na majembe mengi. Kipindi cha muziki kilikuwepo kwenye ratiba, lakini walimu wengine walikitumia kutupeleka kupalilia maharage. Ndipo akaja huyo Mapunda, kijana wa Songea, mwembamba, Kiha hajui hata salamu. Alichora ngazi ubaoni, do ya chini na do ya juu, akatupandisha na kutushusha mpaka koo zikatuuma. Akatugawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Sauti ya nne ilikuwa ya wavulana wakubwa, wengi wao watoto waliovuka na wazazi wao kutoka Burundi. Wakianza kuimba hao, unasikia kifua chako mwenyewe kinatetemeka.

Ikatangazwa kwamba shule za wilaya zitashindana kuimba pale Kasulu mjini, na itakayoshinda itakwenda Kibondo kupambana na za huko. Sharti lilikuwa kwamba anayeongoza awe mwanafunzi, mwalimu akae pembeni. Mwalimu akanichagua mimi. Kwa nini mimi, sijui. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida tu. Yeye alisema nina masikio, kana kwamba wenzangu hawakuwa nayo.

Sasa fikiri, mwanangu. Anayeongoza kwaya hutazamana na waimbaji. Akishatazamana na waimbaji, watu waliokaa kusikiliza anawapa nini? Mgongo. Na miongoni mwa watu hao angekuwemo babu yangu.

Nikueleze kidogo habari za Babu, usije ukaniona nilikuwa mtoto wa kutishwa na kivuli. Mimi ni Butoyi, yaani pacha wa pili. Mwenzangu Bukuru hakuishi, na mama naye hakukaa sana baada yake. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akanogewa hukohuko. Aliyenilea ni Babu. Kila asubuhi nilikwenda mbele yake, nikainama, nikapiga makofi polepole, macho chini, nikamwambia mwakeye. Naye aliitikia, tena si kwa neno moja kama ninyi mnavyoitikiana. Aliuliza nimelalaje, nyumba imelalaje, mbuzi wamelalaje, jirani wamelalaje. Kabla hajamaliza jua lishapanda. Hiyo salamu ndiyo iliyokuwa chai yangu. Mtoto asiye na mama wala baba karibu, akiulizwa na mtu mzima amelalaje, anajua yupo duniani.

Babu katika ujana wake alitumikia nyumbani kwa Mwami, chifu wetu, kule Heru, akipasua kuni. Alituambia hakuna mtu aliyeondoka mbele ya Mwami kwa kumgeuzia mgongo. Ulirudi kinyumenyume mpaka uvuke uzio. Basi utawala wa machifu ulipofutwa, habari hiyo ilifika kila mahali isipokuwa kwenye miguu ya babu yangu. Kwake sote tuliondoka kinyumenyume, na aliyejikwaa kwenye mafiga alijikwaa.

Shangazi Koleta, dada yake baba, ndiye aliyempelekea habari za kwaya. Huyo mdomo wake haukuwa na mlango. Babu akaniita jioni hiyo. Hakufoka. Angefoka ningepona.

Alisema, "Butoyi, pale Kasulu watakuwepo wazee, na mimi nitakuwepo. Siku utakayonipa mgongo mbele za watu, usije tena kunisalimia."

Mwanangu, kwetu afadhali unyimwe chakula, jirani atakupa. Ukinyimwa salamu na mzee wako, utaiazima kwa nani?

Nikamweleza Mwalimu. Kwanza akacheka, halafu akakasirika, halafu akasema muziki hauna mgongo wala tumbo. Akanijaribisha kusimama ubavu. Sauti ya kwanza wakaniona vizuri, sauti ya nne wakaona kiwiko changu tu, na wimbo ukaisha mara nne. Akanijaribisha niwape wao mgongo. Ikawa kila mtu anaanza anapotaka. Mwisho akanituma nimwambie Babu kwamba dunia nzima kwaya huongozwa hivyo. Babu akanituma nimwambie Mwalimu kwamba hiyo dunia nzima haikuwepo wakati mtoto huyu ananyonyeshwa kwa kikombe.

Nikawa naenda na kurudi. Na kwa kuwa maneno yalikuwa ya moto, kila nikiyabeba niliyapoza njiani. Babu akisema kali mimi nafikisha laini, Mwalimu akisema kali mimi nafikisha laini, hata mwisho kila mmoja akadhani mwenzake ameanza kulegea. Kutoka shuleni hadi kwetu ukiita mtu anasikia, lakini hakuna aliyenyanyua mguu. Babu alingoja mgeni aje kumsalimia, kama ilivyo desturi. Mwalimu alingoja mzazi aje shule, kama ilivyo taratibu. Na mimi katikati. Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi, tena fisi mzima mwenye miguu minne. Mimi je?

Nilimwuliza Shangazi Koleta nifanye nini. Akasema mfuate mzee, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kulipokucha akanifuata kisimani akaniambia, ila usiitie shule aibu. Nikamshukuru, nikajitwika ndoo yangu.

Siku yenyewe tulishuka Kasulu kwa miguu, ukungu bado umelala mabondeni, umande unatulowesha hadi magotini. Babu alitangulia na Shangazi, amevaa koti lake, kigoda chake amekibeba mwenyewe begani kwa sababu hakuamini viti vya serikali. Akakiweka mstari wa mbele, karibu kabisa na meza ya mgeni rasmi. Shule zikapita. Watoto wa mjini, wa wenye maduka, waligeuka wakawapa watu migongo bila hata kupepesa, na wazee wakapiga makofi. Nikamtazama Babu nione kama uso umebadilika. Haukubadilika. Nilitamani niugue ghafla, hata malaria ingenifaa.

Tukaitwa. Wenzangu wakajipanga. Mimi nikaenda mbele ya wazee, nikainama, nikapiga makofi, kisha nikarudi kinyumenyume uwanja mzima mpaka nikaisikia kwaya inapumua nyuma yangu. Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya onyesho. Nikasimama pale, uso kwa Babu, mgongo kwa wenzangu, kijiti mkononi. Mwalimu Mapunda pembeni amejishika kichwa. Nyuma yangu mtu mmoja wa sauti ya pili akaninong'oneza nigeuke. Miguu haikukubali.

Hapo Babu akasimama. Akakiokota kigoda chake, akakizungusha, akakaa tena, uso wake kwenye vilima na mgongo wake kwangu. Mbele za watu wote. Nikasikia mnong'ono unapita uwanjani. Mgeni rasmi akamwinamia jirani yake kumwuliza kuna nini.

Amenikana, nikasema moyoni. Amenikana hata kabla sijakosa. Na kwa kuwa sikuwa na kitu tena cha kulinda, nikageuka, nikanyanyua kijiti, tukaimba. Usiniulize tuliimbaje. Mimi naiona midomo tu ikifunguka na kufungwa. Wanasema tuliimba vizuri sana. Tukawa wa pili. Kibondo wakaenda wengine.

Sikwenda kumsalimia. Nilirudi kwa njia nyingine na wenzangu, nikalala kwa Shangazi, na kesho yake nikalala hapohapo tena. Maji niliyachota kabla hakujapambazuka ili nisipite uani kwa Babu. Nikisikia kikohozi chake, najificha kwenye migomba. Kijijini kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema mzee amelaani. Mwingine alisema ni jua tu lilikuwa linamwingia machoni. Hata Mwalimu aliniuliza mimi, mtu wa nyumba hiyo, kama mzee amechukia. Nilimchukia Babu siku hizo, nakwambia kweli. Asubuhi zilipita hakuna anayeniuliza nimelalaje, nikasema basi, na yeye aulizwe na mbuzi.

Tulikuwa tunapura maharage kwa Shangazi nilipoinua macho nikamwona amesimama. Mzee kumfuata mtoto! Hata Shangazi alinyamaza, na hilo halikuwa jambo la kila siku. Nikainama kwa mazoea, lakini mikono ikagoma kupiga makofi, maana si alinikataza?

Akaniuliza, "Butoyi, nimekukosea nini hata hunisalimii?"

Nikalia. Nikamwambia kwamba ni yeye aliyenipa mgongo mbele ya Kasulu nzima. Akanitazama kana kwamba naongea Kizungu.

"Nilikupa njia," akasema. "Mtu asiyetazama hapewi mgongo. Niligeuka mimi ili wewe usinigeukie. Au wimbo unasikilizwa kwa macho?"

Kisha akaongeza kwamba sauti ya tatu walichelewa kumaliza, na kwamba nimwambie mwalimu wangu, au afadhali aje mwenyewe aambiwe. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Nikainama upya, nikapiga makofi, nikamwambia mwakeye. Alinijibu siku ile, mwanangu, akaniuliza nimelalaje usiku wa jana, na wa juzi, na wa siku zote nilizokuwa sipo, hata maharage yakasahaulika juani. Na Mwalimu kweli alikuja siku chache baadaye. Walikaa wawili mpaka jioni. Waliyozungumza hawakunituma niyapeleke kwa mtu.

Ningeweza kuishia hapa, ungeridhika. Lakini tulipokwisha kumzika Babu, miaka mingi baadaye, Shangazi Koleta aliniambia jambo. Alikuwa amekaa naye bega kwa bega pale uwanjani. Anasema mzee aligeuza kigoda kwa hasira, akinung'unika maneno yasiyofaa. Na wimbo ulipofika ubeti wa pili, machozi yakamtoka, akakataa leso.

Sasa nishike lipi? Alinipa njia, au alinikasirikia? Nimeligeuza jambo hili mchana na usiku. Labda alikaa na hasira akasimama nayo imekwisha. Labda yale ya kunipa njia aliyapata baadaye, akitafuta namna ya kunirudisha nyumbani. Shangazi naye alipenda kutia chumvi. Sijui, na wa kumwuliza hayupo. Ninachokijua ni kwamba mzee yule, mwenye kiburi chake chote, alitembea akaja kwa mtoto wa shule kuulizia salamu. Hilo Shangazi halipingi. Nimelishika hilo.

Usia wangu basi ni huu, usikie kwa masikio yote mawili. Wakubwa wako wawili wakikuvuta, mmoja huku mmoja kule, usiwe mbeba maneno yao. Ukiyapoza unawadanganya, ukiyafikisha yalivyo unawagombanisha. Waambie hujui, mwombe mmoja amfuate mwenzake. Kuuliza si ujinga, na kuchanganyikiwa si utovu wa adabu. Mimi niliogopa kusema neno moja tu, kwamba nimechanganyikiwa, nikapoteza usingizi bure.

Jingine ni hili, na ndilo lililonifanya nikuite. Ninyi wa siku hizi mtu akinyamaza siku moja mnamfungia simu, eti amewapa mgongo, basi yaishe. Mgongo hauna macho wala mdomo, mwanangu, kwa hiyo utausomea lolote unaloliogopa. Usiondoke kwa njia nyingine kama nilivyoondoka mimi. Mzunguke mtu wako mpaka ufike mbele yake, umtazame usoni, umsalimie. Akiwa amekasirika utajua amekasirika. Akiwa analia utamwona analia. Mimi ningezunguka hatua chache tu pale uwanjani, wimbo ulipokwisha, ningeuona uso wa babu yangu na leo nisingekuwa naulizia kwa watu.

Haya, nenda. Mungu akulinde na maneno ya njiani, akupe miguu isiyochoka kuwafuata unaowapenda, na kila utakapopambazukiwa awepo mtu wa kukuuliza umelalaje.