Afisa wa Ruzuku Alivyotupa Pole ya Msiba

Sijawahi kuona serikali ikilia. Lakini siku ile nilimwona afisa wake akifuta machozi kwa ajili ya mtu ambaye hata mafua hakuwa nayo.

Kaa vizuri nikupe kisa.

Mimi nimetembea sana. Nimelala stendi, nimelala jikoni kwa watu. Uzee uliponikamata nikarudi kwa binti yangu. Ananipenda, simlaumu. Ila akifagia huku nasogezwa kule, akipiga deki kule narudishwa huku.

Kilichoniokoa ni banda.

Banda lenyewe la mabati, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wazee tunakutana humo tunatengeneza vitu vya watu: pasi, feni, baiskeli. Yaani tunatengeneza kidogo, tunabishana sana.

Sasa mwenye banda akasema mwisho wa mwezi analitaka, aweke saruji. Labda tulipe pango.

Sisi na pango wapi na wapi?

Jirani zetu ni kikundi cha kina mama wanaoshona sare za shule. Wao walishapata ruzuku ya serikali. Mwenyekiti wao akatuambia hata vikundi vya kina baba vinapewa. Tukaomba, tukajibiwa afisa atakuja kutuona.

"Kaeni kama mnavyokaa siku zote," mama mwenyekiti akatuasa.

"Mama, hiyo ni serikali," mwenzetu mmoja, kinyozi, akamjibu. "Huwezi kuipokea na grisi mikononi."

Kinyozi ndiye mjuaji wetu. Tukamfuata kama kondoo.

Tukatoa makorokoro yote, tukayasukumia kwa kina mama. Tukaazima viti vyao vyeupe na kitambaa cha meza. Kila mtu akavaa suti yake, nyingine zilishonwa wakati kiuno bado ni kiuno. Tukajipanga kimya, mikono magotini.

Afisa akaingia. Binti mpole, mkoba begani. Akatutazama mmoja mmoja, akavua miwani.

"Poleni sana, wazee wangu."

Mtu akikupa pole, mdomo unajibu wenyewe.

"Asante, mwanangu," kinyozi akasema. "Ni kazi ya Mungu."

"Alikuwa mwenzenu?"

Kinyozi akatutazama. Sisi tukatazama sakafu. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, cha Fundi Redio, kachelewa kama kawaida yake.

"Ndiyo. Fundi wetu wa redio."

"Aliugua?"

"Hapana. Ghafla tu."

Binti wa watu akajifuta macho. Nikamkanyaga kinyozi mguu, lakini maji yalishamwagika.

Mara mlango ukapigwa teke. Fundi Redio huyo, kakumbatia cherehani, ovaroli limelowa mafuta.

"Nani kahamisha vitu vyangu? Cherehani ya watu naikuta imelaliwa na baiskeli."

"Kaa chini," kinyozi akamnong'oneza. "Umekufa."

"Nimekufa lini?"

"Asubuhi."

"Na skrubu zangu mmezizika wapi?"

Afisa akafunga mkoba. Akaelekea mlangoni, na mimi nikaliona banda limejaa saruji, nikajiona nimerudi kusogezwa na ufagio.

Nikamfuata. "Binti, ngoja. Hakuna aliyekufa. Tuliogopa utatuona wachafu."

Nyuma yangu vita vilishaanza. Fundi anasema mkanda umelegea. Kinyozi anasema uzi umejikamata chini, na mkono umeshazama na suti yake. Mwingine kavua koti. Kitambaa cha meza kikawa tambara la kufutia mafuta.

Afisa akabaki amesimama, anatazama.

"Mnagombana hivi kila siku?"

"Isipokuwa tukiwa na mgeni," nikamwambia.

Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Wazee wangu, wiki hii nimepokelewa na vitambaa vizuri kuliko hicho. Namuuliza mwenyekiti mweka hazina wake ni yupi, anaangaza macho. Vikundi vimeundwa juzi, kwa ajili yangu. Nyie hata na marehemu mnabishana."

Ruzuku ikatoka. Pango likalipwa, saruji ikatafutiwa kwingine.

Nikadhani kisa kimeishia hapo. Kumbe.

Jumamosi moja afisa akarudi, hana mkoba, kamshika mkono mzee mmoja aliyenuna.

"Ni baba yangu," akaninong'oneza. "Tangu astaafu yuko sebuleni anagombana na taarifa ya habari, na taarifa haimjibu. Leo nimekuja kama mtoto, si kama serikali. Mtampokea?"

Kinyozi alikuwa na pasi mapajani, imefumuliwa yote. Hata kichwa hakuinua.

"Mzee, vua koti. Huu waya unaingia wapi?"

"Popote," mzee akasema, "ila siyo hapo ulipouweka."

Ubishi ukaanza. Binti akanyata akaondoka, na baba yake hakujua kama kaachwa.

Ndugu yangu, mgeni akija, fagia sakafu. Usijifagie na wewe mwenyewe. Na kama una mzee nyumbani amekaa kimya, usidhani ana amani. Mtafutie wa kubishana naye.