Yaya Alidhani Diski Inazunguka

Mimi ni mtu mbaya. Naanza hapo ili usije ukanihurumia katikati. Nilimfanya kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku Lubumbashi, kichekesho cha watu. Na nilifurahia!

Yaya ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alifanya kazi mgodini, kwenye mashine ya kusaga mawe, hadi masikio yote mawili yakafa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Ona basi jinsi nilivyomlipa!

Alikuwa na diski moja ya muziki wa magitaa, heavy metal, ya zamani, ambayo baba aliinunua Zambia alipokuwa akifanya kazi ya reli. Kwenye jalada kuna Wazungu wanne wenye nywele hadi kiunoni. Kila Jumapili baada ya misa aliniomba niiweke, kisha akainama juu ya sanduku la spika, viganja na paji la uso juu ya mbao, akasikiliza kwa ngozi.

Kisha aliniuliza kila mara, "Mudogo, iko nguvu bado?"

Nilimwonyesha dole gumba. Moyoni niliona ni kelele za sufuria tu.

Siku ya komunyo ya binti yangu, nyumba yetu ya Kamalondo ilijaa wageni, bia ikatembea. Yaya akaomba diski yake. Wageni wakaguna. Basi mimi mjinga nikaizima platine, ile mashine ya kuchezea diski, nikawakonyeza, nikaenda nyuma ya sanduku na kuanza kulipiga ngumi. Midundo niliijua tangu utotoni.

"Voilà! Njo ile solo!" yaya akapiga kelele, amelilalia sanduku. "Mudogo, haiyazeeka hata kidogo!"

Solo gani, gitaa gani? Zilikuwa ngumi zangu! Watu walianguka kwa kicheko. Nikaona machozi yake yakidondoka juu ya mbao, machozi ya furaha, nami nikaongeza ngumi.

Jirani mmoja alichukua video, na kabla ya wiki kwisha ikamfikia yaya kwenye simu. Video ile haikuhitaji masikio. Diski imesimama, mikono yangu inapiga, midomo ya wageni imeachama. Aliitazama mbele yangu, akairudia.

"Na ba dimanche ingine yote?" akaniuliza, yaani zile Jumapili nyingine. "Ilikuwa mikono yako tu?"

Niliapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba kwamba ni siku ile moja. Alisoma midomo yangu hadi mwisho. Ataniaminije? Hana njia ya kujua kama amewahi kuusikia muziki ule hata mara moja tangu apoteze masikio. Nilimwibia Jumapili zake zote, hata zile za kweli!

Akahamia Pweto kwa wakwe zake, wanauza samaki wakavu. Diski aliiacha.

Nikaisikiliza peke yangu, pande zote mbili. Maneno mengine ni ya kitoto, mashetani na farasi, na sauti imerekodiwa nyembamba. Wimbo wa polepole wa upande wa pili unachosha. Lakini gitaa lile! Linakuja zito, halina haraka, halimwombi mtu ruhusa. Nilisimama nywele zimenisimama. Diski ile haijazeeka, jamani. Kiziwi aliijua, mimi mwenye masikio ndiye niliyeiita sufuria.

Nikaenda Pweto kumwambia. Nilikaa mbele yake, nikasema polepole ili asome midomo: "Yaya, ulisema kweli, diski ile ingali..."

Akafumba macho.

Nililia, nikamshika mikono, nikaomba msamaha kwa sauti hadi mke wake akatoka nje. Hakufumbua hadi nilipoinuka kuondoka.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kuna mtu anayekutegemea umwambie dunia iko vipi, usimfanyie mzaha hapo, hata siku moja ya karamu! Siku akikugundua, hata ukweli wako hatautaka tena.