Taa ya Wawindaji na Gauni la Neema

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii mke wangu huitoa kila tukipata wageni, basi leo bora niitoe mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa nashona nguo Yeoville, hapa Johannesburg, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Jumamosi moja asubuhi, nimebakiza pindo tu la gauni la Neema, binti wa kanisani kwetu Bertrams anayeolewa saa sita mchana, umeme ukakatwa. Mgawo. Eish! Simu haina chaji, kwenye spaza, kiduka cha mtaani, mishumaa imekwisha, na mama yake yuko njiani kulifuata.

Mtu mwenye akili angetoka nalo nje, juani. Mimi nikakumbuka makumbusho ya Newtown, tulikokwenda na mke wangu wiki moja kabla, ambako dada mmoja alituonyesha bakuli la udongo akasema wawindaji wa kale wa nchi za baridi, watu ambao hata kulima hawajaanza, walilijaza mafuta ya samaki na wanyama wa baharini, wakatia utambi, wakapata taa. Wataalamu wamejuaje? Mafuta yamenasa kwenye udongo maelfu ya miaka! (Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza: na kwenye satini ya gauni je?)

Basi nikachukua bakuli la mke wangu, nikamimina mafuta aliyokaangia samaki jana yake, nikasokota kitambaa cha pamba, nikawasha. Likawaka! Moshi ulikuwepo, sikatai, lakini nilimaliza pindo huku najiona profesa. Pua ilishazoea, sikusikia harufu yoyote. Mama Neema naye (Mungu ananiona) alikuwa na mafua, akanishukuru akaondoka nalo.

Neema alipoingia kanisani, wimbo ukawa unakufa safu kwa safu. Mchungaji akanusa, akatabasamu.

"Wapendwa, chakula ni baada ya ibada."

Wahudumu wakaanza kupekua vikapu, wakamfikia Bibi Zawadi, mjane wa watu, wakamwambia atoke na samaki wake.

"Samaki gani? Mimi leo nimefunga!" Akaanza kulia.

Ningenyamaza, lakini machozi yale yalinishinda. Nikasimama.

"Si yeye. Ni gauni. Ni mimi."

Na badala ya kukaa, mjinga mimi nikaanza kuwaeleza habari za wawindaji, mara bakuli, mara utambi, mpaka Mama Neema akanikatiza:

"Papa Amani, hao wawindaji walikuwa wanashona magauni ya harusi?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Neema hakucheka. Alinitazama kupitia shela, akasema taratibu, "Umeniua, Papa." Bwana harusi akamshika mkono hivyohivyo, na harufu yake, mpaka amina ya mwisho.

Siku hizi umeme ukikatwa naweka sindano chini, nafunga mlango, na mteja akitaka kufoka afoke. Nyumbani kwa Neema kuna picha ya siku ile, bwana harusi kabana pumzi, mashavu yamevimba kama puto, na wageni husema ni furaha. Mimi nikikaribishwa pale, hukaa nimeipa mgongo.