Siku Nilipoitoa Windows Dukani Ikwiriri

Darasa la saba sikulimaliza, lakini ukiuliza pale stendi ya Ikwiriri nani alileta kompyuta ya kwanza ya kutolea kopi, utaonyeshwa duka langu. Sikufundishwa na mtu. Niliishika mwenyewe mpaka ikanitii.

Flashi za wateja ndizo zilizoniharibia. Kila aliyeleta barua ya maombi alileta na virusi vyake, mpaka mashine ikawa inawaka asubuhi, inaamka adhuhuri. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, fundi kompyuta wa Kibiti, akaja akasema dawa ni kuitoa Windows na kuweka Linux, mfumo mwingine usioshikwa ovyo na virusi.

Sisi mabinamu ni watani. Tangu utotoni huyu hajaniambia neno la kweli. Basi alipokaa kwenye kiti changu akaniuliza kama vitu vyangu nimeshavitoa, maana hapa kila kitu kinafutwa, nikacheka. Nikamwambia yeye afute tu, mimi kompyuta naijua kabla yeye hajaota ndevu. Akanitazama kidogo, akabonyeza.

Mstari wa kufuta ulipoanza kutembea kwenye kioo, nikaona hacheki. Mtani akinyamaza, jua kuna msiba.

Hapo ndipo nikaikumbuka sauti ya baba. Nilimrekodi kule Mahege, uzeeni, akieleza walivyohama kutoka visiwani, huku akikatiza kila mara kufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Simu ile iliibiwa. Sauti nilikuwa nimeshaihamishia kwenye kompyuta hii, ikabaki humo, humo tu.

Nikataka kuchomoa waya. Akanizuia mkono, akasema nikizima sasa nitapoteza na mashine. Nikakaa. Mstari ukaendelea kama maji ya mafuriko shambani, polepole, na huna la kufanya. Wateja wawili walikuwa wanangoja kopi; nikawaambia mambo yanakwenda vizuri.

Ikawaka, safi, rangi nyingine kabisa. Nikatafuta. Hakuna kitu.

"Binamu, sauti ya mjomba wako."

"Nilikuuliza. Ukasema nifute."

Nikaona giza. Nilimzika baba mara moja, leo nimemzika tena kwa mdomo wangu.

Naye akanyanyua ngumi, imefumbata kitu. Kwetu mazishini mtani hulikalia jembe, kaburi halichimbwi mpaka umpe anachotaka.

"Sema kwanza kompyuta huijui."

Nikawatazama wale wateja.

"Siijui," nikasema.

Akafungua kiganja: flashi. Alikuwa ameshainakili ile sauti asubuhi, nilipokwenda kunywa chai. Akaichomeka, na marehemu akasikika duka zima akiwafokea kuku.

Linux sasa naiendesha kuliko yeye, muulize yeyote. Lakini kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa mbele, naifungua kwanza sauti ile. Na kabla haijaanza, katika kile kimya kifupi, moyo hunisimama.