Modemu Yenye Kufuli

Juzi, nikiwa kwa fundi wa kompyuta pale Mabatini, mzee mmoja aliweka kwenye kaunta modemu, kile kikasha kinachounganisha kompyuta na simu ili barua pepe ziingie.

"Uliniambia laini yangu mpya inataka modemu yenye kasi. Nimenunua. Mbona barua za binti yangu haziingii?"

Fundi akaigeuza, akashika kichwa. Kikasha kilikuwa kimetobolewa, na tunduni linaning'inia kufuli.

"Mzee wangu, nani kaitoboa?"

"Mimi. Simu yangu ya mezani ina kufuli, wageni wasipige ovyo. Hii ningeiachaje wazi?"

Nilifika nyumbani Pasiansi mbio, nimpigie rafiki nimsimulie. Ikabidi kwanza nitafute ufunguo wa simu yangu.