Nilimwitikia Baba kwa Kichwa

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu ya video. Nikamuuliza kama amekula, akaitikia kwa kichwa. Nikamwona, nikacheka.

Nilipokuwa mdogo nilitoka kuugua malaria, mama akanipeleka kwenye kibanda cha simu ya sarafu pale kwetu Kanyakine niongee na baba, aliyekuwa kazini Mombasa. Mkono wa simu ulinuka ugoro.

"Kendi, umepona?"

Kwetu mtoto hampayukii baba. Nikainamisha kichwa kwa heshima, nikidhani ananiona.

"Kendi? Mbona mtoto hasemi?"

Nikainamisha tena, chini zaidi. Sarafu zikaisha, simu ikakatika kabla mama hajaichukua.

Kesho yake jioni baba alifika na nguo za kazi. Alikuja kunizika. Akanikuta jikoni namenya ndizi, akaketi kwenye majivu, akalia.