Nyumba Tuliyomjengea Mwalimu

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule kwa sababu niliwahi mkutanoni na nilijua kusoma. Mkutano uliitishwa na ofisa wa elimu kutoka mjini. Alituambia mambo yamebadilika, shule si ya serikali peke yake tena, ni ya wananchi, na wananchi wataisimamia wenyewe kupitia kamati yao. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa moyo wote, maana binti yangu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza.

Kijiji chetu kiko mbali na barabara kubwa ya Tabora, na walimu hawakai. Lakini mwaka ule tulikuwa na mwalimu wa kike, binti wa upande wa Igunga, aliyefundisha madarasa ya chini. Watoto wetu hufika shuleni na Kinyamwezi cha nyumbani. Kiswahili chao huishia kwenye salamu. Neno lilipowashinda, yeye aliwapa la Kisukuma chake, kinachokaribiana na Kinyamwezi, wakacheka, wakalishika. Ilipofika mavuno, binti yangu alikuwa ananisomea maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea.

Mwalimu huyo alipanga chumba kinachovuja, mwendo wa saa nzima kutoka shuleni. Kamati ikaona kwamba tukimjengea nyumba atabaki. Ofisa alifurahi sana, akasema huko ndiko kushirikishwa kwenyewe. Kiangazi kizima tukafyatua matofali na kuyachoma. Sisi wanawake tulibeba maji kutoka bwawani. Jirani yangu, mjane asiye na mtoto hata mmoja pale shuleni, aliteleza na ndoo kichwani akavunjika nyonga. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia nisihuzunike, ile kazi ni yetu wenyewe.

Nyumba ikaisha: vyumba viwili, bati, sakafu ya saruji. Mwalimu akahamia na kuku wake. Akakaa muhula mmoja.

Barua ya uhamisho alinifuata nayo shambani, nikipalilia karanga. Hakuwa ameomba kuhama. Alinipa niisome, kisha akakaa chini kwenye tuta na kulia, nami nikamwambia kamati ipo.

Nilikwenda mjini na mjumbe mwenzangu, katekista mzee wa kigango chetu. Tulisubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ofisa alikuwa yule yule. Alitupa shikamoo, akatutafutia viti, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nawaelewa sana," akasema. "Lakini kamati inashauri tu. Kupanga walimu ni kazi yetu."

"Basi tunashauri abaki," nikamwambia.

"Ushauri umepokelewa."

Akaandika kitu kwenye karatasi.

Mwalimu aliondoka juma lile lile, na hakuletwa mwingine. Watoto wa madarasa yake waliunganishwa na darasa la tatu, na mwalimu mkuu huwafundisha siku ambazo hajaitwa kwenye vikao. Nyumba sasa inatunziwa mahindi ya uji wa shule. Binti yangu yuko darasa la nne. Juzi nilimfungulia Biblia nikamwambia asome mstari mmoja. Hakuutazama ukurasa. Alinitazama mdomoni, akingoja nianze mimi ili anifuate. Nikaifunga nikamtuma kuni.

Nimejaribu kujitoa. Kwenye mkutano wa uchaguzi nilisimama nikasema nimechoka, achaguliwe mwingine. Watu walikuwa wachache, wakatazama chini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha jirani yangu akainuka taratibu kwa fimbo yake.

"Mlituambia ni shule yetu," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuamini wewe, si yule ofisa."

Nilitaka kumjibu kwamba hata mimi niliamini. Lakini ingemsaidia nini? Nyonga yake haikupona sawasawa na haitapona. Akatoka, akaenda zake.

Nikaandikwa mwenyekiti tena. Mwalimu mkuu akasoma ajenda iliyofuata: choo cha wavulana kimetitia, na wilaya inaomba nguvu za wananchi. Wote wakanigeukia. Nikasimama nikataja siku ya kuanza kufyatua matofali, nikauliza kama kuna mwenye swali. Hakukuwa na swali.